Mshale Umepanda

Kwako Dada,

Nakusalimu kwa mapenzi mengi, wewe na shemeji, pamoja na huyo mgeni wenu ambaye hata kuketi hajui na tayari amewanyang'anya usingizi. Natumai maziwa yanatoka vizuri, mgongo umepoa, na unakula hata pale usipokuwa na hamu. Sisi huku hatujambo. Mama hajambo, ila goti lake bado linamwambia mvua inakuja kabla ya mawingu kujua. Baba naye hajambo, na hapo ndipo kalamu yangu inapokwama, kwa hiyo nitapazunguka kwanza.

Usishangae kupata barua wakati simu ipo. Simu ya nyumbani unaijua. Ikilia tu, Baba anamwambia Mama aibonyeze na kuiweka sauti ya juu, na nyumba nzima inaingia kwenye mazungumzo, pamoja na jirani yetu fundi cherehani aliye upande wa pili wa ukuta. Haya ya leo hayafai ukuta. Na uniwie radhi kwa mwandiko wangu. Nilianza mezani, nikahamia mlangoni, sasa nimekaa uani juu ya ndoo. Ulinibandika jina la Siafu kwa sababu ya kutotulia kwangu, nami sijawahi kukuangusha, ila siku hizi nimepita kiasi. Mama amesema nikipita tena sebuleni bila shughuli atanivisha kengele.

Kisa chenyewe ni pikipiki ya Baba, yule ambaye Mama bado anamwita mke mwenzangu.

Unakumbuka ilivyokuwa tulipokuwa wadogo. Mita ya mwendo ilikuwa imekufa, kioo chake kimekuwa cheupe kama dirisha la jikoni, na Baba alikuwa akijua mwendo wake kwa kusikiliza injini na kwa jinsi Mama alivyombana mbavu. Geji ya mafuta ndiyo pekee iliyokuwa hai, nayo ilikuwa hai kinyume. Boya linaloelea ndani ya tanki na kuusogeza mshale lilipovunjika, Baba alifunga la pikipiki ya aina nyingine, na kuanzia hapo tanki likijaa mshale unalala chini, tanki likikauka mshale unapanda juu kabisa. Mtu mwingine angeirekebisha geji. Sisi tulijirekebisha wenyewe.

Ndiyo maana katika nyumba yetu kitu hakiishi, bali mshale wake hupanda. Unga ukiisha, Mama husema mshale umepanda. Sabuni ikiisha, mshale umepanda. Na yule mchumba wako wa kwanza alipoishiwa maneno mbele ya wazee, ni wewe uliyeninong'oneza kwamba mshale wa bwana umepanda, tukafukuzwa sebuleni kwa kicheko. Wakwe wangu, kama nitawapata, itabidi wafundishwe lugha hii kabla ya mahari.

Basi ulipojifungua, Baba alitangaza kwamba atakuja kumwona mjukuu kwa pikipiki, Mama akiwa nyuma, kama alivyokuwa akitubeba sisi. Nawe kwa furaha yako ukamwambia njoo Baba, njoo nayo, nataka mtoto asikie mlio wake. Sikulaumu, hata mimi nilipiga makofi. Asubuhi iliyofuata alikuja kwenye meza yangu ya kutengeneza redio pale mbele ya duka, amebeba mita ya mwendo na geji ndani ya kikapu cha sokoni, akasema ametoka kumng'oa bibi macho na anataka arudishiwe yanayoona.

Nilifurahi, Dada. Wateja wakinikuta pale bado huniuliza fundi yuko wapi, lakini Baba aliweka kikapu mbele yangu bila swali. Nikazifungua. Ndani kulikuwa na vumbi, kutu, na buibui mkavu aliyekuwa ameifanya mita ya mwendo nyumba yake ya uzeeni. Niliosha vigurudumu vya shaba kwa petroli, nikavipaka grisi laini, nikafunga kebo mpya kutoka gurudumu la mbele. Nilitoa vile vibalbu vilivyoungua, nikaweka taa ndogo za kisasa zisizokula betri. Uso wa mita ulikuwa umepauka hata namba hazisomeki, nikauchora upya, nikauchapisha na kuubandika. Ulipendeza mno, mpaka nikawa nauonyesha kwa watu walioleta redio zao.

Baba aliutazama akasema namba ziongezwe unene. Nikaziongeza. Akasema taa ziwe kali zaidi. Nikabadilisha taa. Kisha akaja na ombi jipya, kwamba pawe na king'ora kidogo, mafuta yakikaribia kuisha kilie. Nilicheka nikamwambia kwamba akiendelea hivyo pikipiki itaanza kumsomea na gazeti. Naye alicheka, ila alichelewa kidogo. Nikaweka taa nyekundu badala ya king'ora, nikaona inatosha.

Halafu nikafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya. Nilitafuta boya lenyewe la pikipiki ile, nikalipata kwa muuza vipuri vilivyotumika, nikalifunga. Sasa tanki likijaa mshale unapanda, likikauka unalala, kama kwa watu wengine wote duniani. Nilimweleza Baba mara kadhaa. Akasema haya, hatimaye tumestaarabika.

Hata hivyo siku chache baadaye alitoka kwenda kutazama mizani ya muuza nafaka, maana wafanyabiashara bado wanamwita, wanasema hakuna fundi mizani mwingine wanayemwamini. Alirudi anasukuma pikipiki, jasho linamtiririka, fundi cherehani akisukuma kwa nyuma na tepu yake bado shingoni. Tanki lilikuwa kavu kabisa. Baba akaeleza kwamba aliona mshale umelala, akajua tanki limeshiba, akaendelea kuimba. Mtaa mzima ulicheka. Mama alisema mazoea yana taabu, na kwamba mke mwenzake amemlipizia Baba kisasi kwa kubadilishwa macho bila idhini. Baba mwenyewe ndiye aliyecheka kuliko wote, na kila aliyepita alisimuliwa upya.

Nami nilicheka. Kisha nikaenda kuweka mafuta kidogo na kuwasha, na kabla mshale haujanyanyuka ile taa nyekundu niliyoiweka kwa mkono wangu ikawaka. Inawaka vikali, Dada, inapaka wekundu hata kwenye vidole vinavyoshika usukani. Mtu anaweza kuusoma mshale kwa mazoea ya zamani. Lakini taa hiyo haikuwa na zamani, ilikuwa na siku chache tu. Niliingiwa na mdudu fulani moyoni. Nikajiambia kwamba jua lilikuwa kali, labda lilimfichia. Nilijiambia hivyo nikiosha vyombo, nikajiambia tena nikifagia mahali palipokwisha kufagiliwa.

Sasa nifike pale nilipokuwa napazunguka.

Mshale wa mita ya mwendo ulikuwa unatikisika, nikaitoa tena mita ili niukaze. Niliuchomoa mshale nikauweka ndani ya kizibo cha soda usipotee. Hapo nikakumbuka kwamba sijamuuliza Baba kama ile pete ya nje aitaka nyeusi au ibaki ya kung'aa. Nikampelekea mita barazani. Aliipokea kwa mikono miwili, akaielekeza penye mwanga, akapitisha kidole gumba juu ya kioo, taratibu, kama anavyofanya akikabidhi mizani kwa mwenyewe. Akasema kazi nzuri. Akasema hasa mshale, mshale umekaa barabara, umetulia juu ya sifuri kama wa mizani ya sonara.

Nikasubiri. Unamjua Baba, akitania uso haucheki, ila unyusi wa kushoto hunyanyuka. Nilisubiri unyusi. Haukunyanyuka.

Dada, mita ile haikuwa na mshale. Ulikuwa mezani kwangu, ndani ya kizibo. Baba yetu, aliyekuwa akiingia dukani na kabla ya salamu kusema mizani hii imepotoka kwa unywele, aliusifia mshale usiokuwepo.

Nilisema asante, nikaichukua mita, nikarudi kwenye meza yangu, na mteja aliyefuata nikamrudishia chenji kubwa kuliko pesa aliyonipa. Niliogopa. Tangu hapo sijaweza kukaa kitako. Mambo yote yamejipanga yenyewe mbele yangu, na kila moja lilikuwa wazi siku zote. Simu anayoibonyeza Mama. Gazeti aliloliacha kwa kuwa eti limejaa uongo. Watu ambao siku hizi hawasalimii mpaka wamsalimie wao na asikie sauti. Zile namba nene, na kile king'ora nilichokicheka. Alikuwa akiniomba msaada, nami nikamfanyia utani.

Nilimfuata Mama jikoni. Aliendelea kukata vitunguu akasema macho ya Baba yenu yamechoka, na ni nani ambaye hajachoka. Nikajua kwamba anajua. Nikamuuliza safari je. Akasema atakaa nyuma na kumwambia kona zikifika, mbona wamezoea. Nikamuuliza kwa hasira, na malori je, nayo atamwambia yakifika? Akasema nipunguze sauti, Baba asisikie, na kwamba nikimnyang'anya pikipiki nitakuwa nimemzika akiwa hai. Vitunguu vilisaidia, tukalia wote wawili bila kuulizana. Nguo zake za safari zimeshakunjwa na ziko juu ya kabati.

Muuguzi mmoja aliyeniletea redio amenieleza kwamba dalili hizi, ukungu na taa kutawanyika, mara nyingi ni mtoto wa jicho, na kwamba huondolewa, tena mtu akarudi kuona vizuri. Kwa hiyo ukitaka habari kamili ya familia ni hii: wewe umepata mtoto, na Baba naye nadhani amepata wake. Huko kwenu kuna hospitali ya macho, huku hakuna. Wa kwako ndiye atakayemsaidia Baba amtoe wa kwake, maana kwa jina la mjukuu atakuja, na kwa jina la daktari hatakuja kamwe.

Ila aje kwa basi. Na ili asije kwa pikipiki nimefanya jambo, nalo usimwambie mtu hata shemeji. Nimemdanganya Baba. Nilimwambia kwamba nilipokuwa nakaza mshale kigurudumu kimoja cha mita kilivunjika meno, na huku hakipatikani. Unaijua fahari yake, hawezi kuingia mji wenu mke wake wa pili akiwa na tundu usoni. Akasema atakupigia umtafutie huko mjini. Kigurudumu ni kizima. Kiko kwenye droo yangu, nimekiviringisha kwenye kitambaa, na kila nikipita hapo ni kama kinanikoholea. Sijawahi kumdanganya mtu huyu. Akikupigia, tafadhali, mwambie umezunguka maduka yote na hakipo. Sema chochote. Sema mtoto anaogopa milio ya injini.

Hapo nilikuwa nimesimama kwenda kunywa maji, na niliporudi nikamkuta Baba amekaa juu ya ndoo yangu. Barua ilikuwa mapajani mwake, ameifunika kwa kiganja isipeperuke. Nilitaka kuinyakua, kisha nikakumbuka, na kule kukumbuka ndiko kulikoniuma zaidi. Akaniuliza namwandikia nani. Nikasema wewe. Akaniuliza mbona barua ndefu namna hii kwa habari za mtu asiye mgonjwa. Akanirudishia karatasi zangu, akabaki pale pale, na sasa namalizia nimechuchumaa kando yake, kwa mara ya kwanza wiki hii sina hamu ya kwenda popote.

Basi pokea salamu za wote. Mama anakusalimu na anasema mtoto asifunikwe mno, joto huzaa vipele. Fundi cherehani anauliza vipimo vya mtoto, ingawa nimemwambia vitakuwa vimebadilika kabla hajapata uzi. Mpe shemeji mkono kwa niaba yangu.

Na Baba anakusalimu sana, wewe na mjukuu wake. Amesema usihangaike kutafuta kile kigurudumu, kinaweza kukaa hapo kilipo. Yeye na Mama watakuja kwa basi. Kisha akawa anasugua kidole gumba juu ya goti, akaniambia niandike pia kwamba mshale umepanda.

Nilimuuliza kwa geji ipi, ile ya zamani au hii niliyoitengeneza mimi.

Akasema, ya kwetu.

Mdogo wako akupendaye,
Siafu