Idhini ya Kwenda Peru

Segovia, mkesha wa Mtakatifu Frutos, Oktoba 1594

Dada yangu Leocadia,

Natumaini barua hii inawakuta wazima, wewe na shemeji Baltasar, na kile kikohozi chako kimekwisha. Sisi tu wazima kwa kadiri ya watu wanaokula mkate mweusi. Olalla ameota meno mawili na hanipi usingizi. Ukiona mwandiko umepinda, ujue nimempakata.

Sketi ya hariri uliyonitumia ilifika. Niliivaa kanisani mara moja tu. Jirani yetu Toribia akaniuliza kama mimi bado ni mke wa mfumaji au nimeolewa na gavana. Nilicheka, lakini moyo uliniwaka, dada, maana ilikuwa yako, na inanibana.

Kitanda cha kufumia cha shemeji yako Millán kimesimama tangu mavuno. Kila merikebu za fedha zinapotia nanga kwenu Sevilla, huku kwetu mkate unapanda bei, na kibarua naye anataka ujira zaidi. Tajiri wa sufu anasema nguo yetu imekuwa ghali mno, ile itokayo Flandes inauzwa nusu ya bei. Toribia husema fedha ya Mfalme ni maji ya pakacha: inaingia Sevilla, inatokea Genova kulipia madeni ya vita, sisi tunabaki na unyevu.

Sasa la moyoni. Barua yako ya Juni nilimsomea Millán nusu. Pale ulipoandika kwamba Baltasar amempatia nafasi ya kwenda Peru, na kwamba atakaa kwenu akingoja safari, mimi badala yake nilimsomea kwamba mizeituni yenu imezaa vizuri. Sikuogopa bahari. Niliogopa nyumba yako. Millán alikuposa wewe kwanza. Mimi alinichukua baada ya wewe kumkataa.

Jumapili nilimsomea yote. Alifoka kwamba nimemnyima mtoto mkate kwa wivu wa miaka saba. Baadaye akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama hiyo mizeituni angalau ni kweli.

Basi aende. Njaa haina mjadala. Lakini wajua sheria: mume wa mtu havuki bahari mpaka mkewe atoe idhini mbele ya mwandishi wa hati. Hapa Segovia siitoi. Tunakuja sote watatu, na nitatia sahihi huko kwenu, asubuhi ile ile merikebu zinapong'oa nanga.

Msalimie sana Baltasar. Olalla anakupungia mkono, nimemshikia mimi. Ututandikie kitanda kimoja, kipana.

Mdogo wako akupendaye hata hivyo,
Quiteria