Siombi Radhi kwa Wimbo wa Bibi

Kijiji cha Bhandarwadi,
Njia ya Barshi,
Maharashtra.
2 Septemba 2022

Mpendwa Kaka Shivdas,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko mtama wa msimu huu. U hali gani? Kifua kimeacha kubana? Na hilo joto la Maskati limepungua, au bado mnalala juu ya paa?

Sisi huku wazima. Mume wangu Dattu mguu umepona, ameanza kwenda shamba. Mwanangu Tulja ameota meno na kila kitu anatia mdomoni, jana nimemkuta anatafuna kamba ya ndama. Nikimwonyesha picha yako anacheka. Hajui kwamba mjomba wake amemnunia mama yake.

Ujumbe wako wa sauti niliusikia nikiwa nakanda unga, mikono yote imejaa, sikuweza hata kuuzima. Unasema wenzako chumbani wameona kwenye simu kipande cha ile filamu, wakakuambia, "Dada yako kamtukana Mungu." Unataka nisimame mbele ya kamera niombe radhi, niseme watu wa filamu walinidanganya. Nisipofanya hivyo, Diwali hii huji kwangu siku ya kaka na dada. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unanikatiza.

Siombi radhi, Kaka. Sasa soma kwa nini.

Wale watu wa filamu walipokuja hapa kabla ya mvua za mwaka jana, walikuwa na mwigizaji mzuri kweli, amepakwa wanja. Alitakiwa awe mwanamke maskini anayemwomba Mungu wetu Vitthal huku anasaga mtama. Wakamweka kwenye mawe ya kusagia ya Bibi yetu, wakamwambia apige magoti, afumbe macho, alie taratibu. Kengele zilie zenyewe na mwanga umshukie. Si unazijua hizo filamu, Kaka? Mcha Mungu humo hakohoi wala hana mtoto wa kunyonyesha.

Mama Parubai, yule mjane jirani yetu, alicheka mpaka ushungi ukamwanguka. Akamwuliza mkubwa wao, "Mwanangu, huyu anasali au amefiwa? Sisi Vitthal hatumlilii hivyo. Sisi tunamgombeza."

Yule mkubwa akataka kusikia. Wanawake wote wakanisukuma mimi mbele, kwa kuwa Bibi alipokuwa akisaga mimi ndiye niliyekuwa mapajani mwake. Nikaimba kama alivyoimba yeye:

Ee Vitthal mweusi, mvivu we,
umesimama juu ya tofali, mikono kiunoni.
Mtama haujaisha, mtoto analia,
shuka usage, au mama yako hakukufunza kazi?

Wakaichukua sauti yangu, wakaiweka kwenye mdomo wa mwigizaji. Mikono yake ilikuwa imeshatoka malengelenge, maskini, lakini aliliendesha jiwe mpaka mwisho. Mimi nilimpenda.

Kaka, wimbo huo wewe huujui? Umelelewa nao! Ulipougua surua, Bibi alikaa kwenye mawe yale alfajiri akamtukana Vitthal matusi ambayo hata mchunga ng'ombe hayasemi. Alimwita mwizi. Alimwambia, "Ukinichukulia mjukuu wangu, sikuletei hata jani la mrehani." Ulipopona alitembea mpaka hekaluni kwake Pandharpur na chungu cha mrehani kichwani, akamwangukia miguuni, pale anaposimama juu ya tofali lake, akilia. Huyo ndiye aliyemtukana Mungu? Kama alimkosea, mbona wewe uko hai?

Basi kipande kile kikaingia kwenye simu za watu. Bwana Vishvasrao wa kamati ya hekalu mjini akaanza kupaza sauti kwenye kipaza sauti chake kwamba dini imedhalilishwa. Wakaguzi wa filamu nao wakaogopa. Filamu hawakuipiga marufuku, ila waliamuru maneno ya wimbo yazimwe. Hizo habari nilizipata kwa watu. Sikulala vizuri, nakuambia kweli. Nilijiuliza kama Bibi alikosea maisha yake yote na sisi hatukujua.

Siku filamu ilipofika Barshi tulikwenda, wanawake wa kijiji kizima, kwenye tela la trekta la Dattu. Bwana Vishvasrao alikuwa mlangoni mwa sinema na vijana wake na bendera. Akaninyoshea kidole mbele za watu. "Huyu hapa! Dada, omba radhi tu hapa kwenye simu, yaishe. Tunakusaidia."

Kabla sijafungua kinywa, Mama Parubai akamsogelea. "Vishvas, wewe nilikuogesha mimi, makalio wazi, kwenye ua wa mama yako. Alikuwa anauimba huu huu. Leo wewe ndiye wa kunifundisha kusali?" Vijana wake wenyewe wakageuka pembeni wasionekane wanacheka. Tukapita.

Ikafika ile sehemu. Mwigizaji kwenye mawe, mdomo ukafunguka, na hakuna kitu. Sauti ya jiwe peke yake, grr, grr. Waliliacha jiwe, wakamzima Bibi. Kaka, nilihisi kama nimezibwa mdomo kwa kitambaa.

Tulja alikuwa mapajani. Huo ndio wimbo ninaombembelezea kila siku, na jiwe analijua. Akainua uso akanitazama, anangoja. Anangoja kabisa, na kidole mdomoni. Ningemwambia nini? Kwamba umekatazwa?

Nikaimba. Kwa sauti ndogo, ya kumsikiza mtoto tu. Mama Parubai akadakia, halafu wenzetu wote wa tela. Halafu nikasikia kule juu ghorofani wanawake nisiowajua, wa vijiji vingine, nao wanaimba, tena na ubeti ambao Bibi hakuwa nao, wa kumwambia Vitthal akachote maji. Mdomo wa mwigizaji ulikuwa unakwenda na sisi sawasawa. Hakuna aliyetutoa. Mzee wa tiketi alisimama mlangoni amekunja mikono kifuani kama yuko hekaluni.

Nasikia kwenye sinema za Karmala na Madha wanawake wanafanya hivyo hivyo sasa. Waache wazime. Filamu ni yao, vinywa ni vyetu. Na Tulja atakua akiujua.

Sasa nakuja kwako. Siku ya kaka na dada nitaandaa sahani, taa, mchele na ile mikate mitamu ya dengu unayoimaliza peke yako. Ukija, nitakuzungushia taa na kukupaka alama ya paji la uso kama kila mwaka. Usipokuja, nitatoka uani niuzungushie mwezi ile taa, kama wanavyofanya wasichana wasio na kaka. Nitafanya hivyo nikilia, lakini radhi siombi.

Na umesimama huko mikono kiunoni, mvivu we, mjomba mtu na hujamwona mpwa wako! Panda ndege, shuka huku umbebe, mkono wangu umechoka. Au Bibi hakukufunza? Umekasirika? Basi jua kwamba nisiyempenda simgombezi.

Mama anakusalimu, anasema ule vizuri. Dattu anakusalimu, na Mama Parubai anauliza kama Maskati kuna wanawake wa kukuogesha. Vitthal akulinde na akurudishe salama, la sivyo tutagombana mimi na yeye.

Ni mimi mdogo wako, akupendaye hata ukinuna,

Kalindi