Gari la Baba Limepona, Ila Halitoki Bandani

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako, na kabla ya msaada naomba usicheke mpaka ufike mwisho, kwa sababu watu wa nyumbani kwangu wakilijua jambo hili watacheka vya kutosha hata kwa niaba yako.

Mimi ni seremala, nina mke, watoto wamekua wanajitegemea, na balaa langu lilianza kwa nia njema kabisa, maana marehemu baba alituachia gari, moja ya yale ya zamani yenye taa za mviringo na boneti ndefu, rangi yake ya chai ya maziwa, gari alilolipenda kiasi kwamba sisi watoto tulikaripiwa zaidi kwa kubamiza mlango wake kuliko kwa kufeli mtihani, na alipofariki likabaki kwenye banda la nyuma likala vumbi, kuku wakalifanya nyumba yao, mpaka siku moja nikajipiga kifua mbele ya mama nikamwambia gari hili nitalifufua mwenyewe kwa mikono yangu na wewe ndiye utakuwa abiria wa kwanza. Mama akafurahi sana. Akasema hataki safari ndefu, nimpeleke tu mpaka barabara kubwa na kurudi, akae pale mbele, pembeni ya dereva, alipokuwa anakaa.

Nilidhani ni kazi ya betri mpya, oili na sabuni. Mshauri, nilipong'oa zulia la chini nikaiona ardhi, sakafu yote imeliwa na kutu, na pale ambapo kutu ilisahau palikuwa pamezibwa na fundi fulani wa zamani kwa bati la kopo la mafuta ya kupikia, maandishi bado yanasomeka, na tangu siku hiyo kila nilichogusa kikaniitia kingine, nikafungua breki nikakuta bomba limeoza, nikafuata bomba nikakuta nyaya zimetafunwa na panya, nikafuata nyaya nikajikuta nimeng'oa dashibodi nzima na sikumbuki hata nilikuwa natafuta nini. Raba za vioo nilizoagiza zikaja za lori. Fundi rangi akachanganya hiyo chai ya maziwa ikatoka waridi, nikalitazama gari la mzee wangu limekaa kama keki ya harusi, nikamwambia kwangua uanze upya, akakwangua, akaanza upya, safari hii ikatoka rangi ya ugoro. Usukani ulikuwa unalala chini ya kitanda chetu, taa zilikuwa kwenye rafu ya jikoni pamoja na sahani, na rejeta ilikaa sebuleni nyuma ya kochi mpaka wageni wakaizoea. Kila aliyeniuliza gari limefika wapi nilimjibu "bado kidogo", na sasa hilo ndilo jina langu mtaani, hata mchungaji wa watu ananiita Bado Kidogo bila kuona haya.

Sasa nafika penyewe. Mke wangu ni fundi cherehani, na cherehani yake ilikuwa hapo hapo sebuleni, imebanwa kati ya rejeta na bampa, na alivumilia kwa muda mrefu bila kununa, ndipo mimi kwa huruma, na kwa kujisikia vibaya, nikaamua kumjengea chumba chake cha kushonea. Mbele ya banda palikuwa wazi, pazuri, panatazama njia, wateja wangemwona, basi nikamwita fundi mwashi tukaziba mdomo wa banda kwa ukuta, tukasogea mbele tukasimamisha chumba chenye dirisha na mlango wake, nikapiga na dari, na ubavuni mwa banda nikaacha mlango mdogo wa kupitia mimi na vifaa vyangu. Siku ya kuanza msingi mke wangu alisimama pale na kikombe mkononi akaniuliza, "Baba watoto, lakini umepima?" Nikamjibu, "Mimi seremala, unaniuliza mimi habari za kupima?" Akasema haya, akaenda zake.

Nataka unielewe, Mshauri, mimi si mjinga wa kuzaliwa. Kila mteja anayeniagiza kabati swali langu la kwanza ni kwamba mlango wako una upana gani, kwa sababu nimeshawaona watu waliotengenezewa kabati zuri likalala nje na mvua. Lakini wakati najenga, lile gari halikuwa gari, lilikuwa mfupa mtupu uliowekwa juu ya magogo, na vitu vyake vyote vilikuwa vinaingia na kutoka kwa ule mlango mdogo kila siku, injini ilibebwa na wanaume kwa mti ikapita, milango ikapita, boneti tukaigeuza ubavu ikapita, kwa hiyo kichwani mwangu lile gari lilikuwa ni kitu kinachopita mlangoni. Lilikuwa linapita, ndiyo. Vipande vipande.

Basi likaisha. Nilifunga mlango wa mwisho ukalia ule mlio wake mzuri wa zamani, nikakaa kwenye usukani, nikaliwasha, likakohoa mara mbili likakaa sawa, machozi yakanitoka kweli, nasema bila aibu, nikasema baba, umeona, nikaingiza gia ya kwanza, nikainua macho, na mbele yangu kukawa na ukuta. Ukuta niliousimamia mwenyewe. Nikazima. Nikakaa humo ndani na mikono kwenye usukani, nashindwa hata kujitukana. Nyuma ni ukuta wa jirani, ubavuni ni mlango wa kupita mtu na debe lake.

Nikatoka nikawaambia kabureta inasumbua, na ndicho ninachowaambia mpaka leo. Mama alikuwa barazani akaniuliza huo mngurumo ni wa nini, nikamwambia ni jenereta ya jirani. Akasema jenereta ya jirani inakohoa mara mbili kabla ya kukaa sawa, kama lilivyokuwa linakohoa gari la baba yako. Nikamwambia majenereta ya zamani ndivyo yalivyo. Akasema, "Haya, baba." Nashukuru aliniamini. Macho yake yamefifia sana, anaona vivuli tu, na mwisho wa mwezi huu dada yangu mkubwa anakuja kumchukua akaishi naye mbali, karibu na hospitali ya macho, na kwa umri wake sijui atarudi lini, wala kama atarudi. Kila nikiingia bandani yeye anatoka anakaa barazani na mkoba wake mapajani, amevaa viatu vyake vya kutokea. Nadhani siku hizi anasikia baridi ya miguu.

Kubomoa naogopa. Chumba kile kimemletea mke wangu wateja, na ingawa amekuwa na maringo kidogo, maana nimemwomba mara kadhaa nimpigilie rafu kwenye ukuta wa mbele na ule wa nyuma anasema ngoja kwanza, vitu vyake vyote kavirundika kwenye kuta za ubavuni, bado naona anakipenda. Na nikimwambia ukweli atanikumbusha kile kikombe na lile swali, atawasimulia dada zake, nitakuwa hadithi ya kila msiba na kila harusi katika ukoo huu. Kwa hiyo nimeamua kulifungua gari upya, kimya kimya, nilitoe vipande kwa mlango mdogo nikaliunge uani, na juzi nimeanza, nimekwisha kung'oa kile kiti cha mbele, cha pembeni ya dereva. Swali langu ni hili: nikazane niwahi kabla mama hajaondoka, au nimwambie tu kwamba gari limeshindikana?

Wako katika aibu,
Bado Kidogo

*

Ndugu Bado Kidogo,

Uliniomba nisicheke nikajitahidi, lakini pale kwenye boneti kugeuzwa ubavu nilishindwa, nikalazimika kuweka chai chini. Samahani. Sasa nimemaliza kucheka, na wewe kaa chini unisikilize, maana mwishoni mwa barua yako sikucheka tena.

Kwanza pole. Kulirudisha gari lililooza mpaka likawaka ni kazi kubwa, wengi huishia kuuza chuma chakavu, na machozi yako pale kwenye usukani yalikuwa halali yako. Hayo ndiyo ya kukusifu. Yaliyobaki ni ya kukukaripia.

Bwana, wewe umejenga ukuta mmoja kwa bahati mbaya, na mwingine unaujenga kwa makusudi. Ule wa kwanza ni wa matofali, unavunjika kabla ya chakula cha mchana. Huu wa pili ni wa kabureta na jenereta, na ndio unaomzuia mama yako asipande gari. Tena unalifungua gari zima, breki, nyaya, na hiyo rangi iliyokutoa jasho, eti usichekwe na mkeo? Wewe uliyechukua miaka kulimaliza unataka kulimaliza upya kabla ya mwisho wa mwezi? Acha kujidanganya. Ukilifungua, mama yako ataondoka, nalo litakuwa mfupa tena, na safari hii hutakuwa na wa kumwambia bado kidogo.

Halafu hebu nikusomee barua yako mwenyewe, kwa sababu naona uliiandika bila kuisikiliza. Mke aliyekuuliza kama umepima, akajibiwa kwa kiburi, akaenda zake na kikombe chake, leo anakataa rafu kwenye ukuta wa mbele na ule wa nyuma. Si kuta zote. Hizo mbili tu, ambazo gari lazima lipite. Unaita maringo? Huyo mkeo amejua tangu siku ya msingi. Amekuwa akizitunza kuta hizo ziwe tupu ili siku utakapopata ujasiri usimvunjie vitu vyake. Wewe unamficha, yeye anakusubiri. Kama angetaka kukucheka angekwisha kukucheka, na dada zake wangekwisha kukuita kwa jina baya kuliko hilo ulilo nalo.

Basi fanya hivi. Leo hii, kabla hujashika bisibisi, nenda chumbani kwa mkeo, ukae kwenye kiti cha wateja wake, umwambie, "Mama watoto, sikupima." Maneno hayo tu, usiyapambe. Atacheka, na wewe ucheke naye, hutakufa. Kisha umwombe ruhusa, maana chumba ni chake. Yeye ndiye wa kusema ni siku gani, ili amalize nguo za watu, na cherehani muirudishe sebuleni kwa heshima, bila rejeta safari hii. Umwite yule yule fundi mwashi aangalie dari isije ikawaangukia, mbomoe palipo tupu, na baada ya hapo utoe hiyo fahari yako ya useremala umtengenezee mkeo milango mipana ya mbao, ya mabawa mawili, inayofunguka yote, mbele na nyuma. Akishona aifunge, gari likitaka kupita aifungue. Na upime gari, ndugu yangu. Upime likiwa zima, na vioo vyake vya pembeni.

Na kitu kingine, usiliwashe tena humo ndani huku umejifungia. Moshi ule unaua, na hatutaki kuongeza msiba juu ya kichekesho.

Nimemwacha mama yako kwa mwisho kwa kuwa yeye ndiye aliyenigusa. Unasema alikuamini kuhusu jenereta. Hakukuamini hata kidogo. Yule ni mwanamke aliyekaa miaka na miaka pembeni ya mumewe akilisikia gari lile likikohoa mara mbili, macho yanaweza kufifia lakini mlio ule hawezi kuusahau. Alikujibu "haya, baba" kama alivyokujibu ulipokuwa mdogo ukimwambia sukari imeliwa na paka. Anajua gari linawaka, na anajua kuna jambo unaloonea aibu, naye hataki kukufedhehesha, ndiyo maana haulizi.

Wala hana baridi ya miguu. Viatu vya kutokea huvaliwa na mtu anayetoka. Kila ukiingia bandani anadhani ndiyo leo, anavaa, anashika mkoba, anakaa anasubiri kuitwa, na kila jioni anavivua mwenyewe bila kumwambia mtu. Umekuwa ukimtazama akifanya hivyo siku zote hizi, na juzi ukaenda kung'oa kiti chake.

Ukuta utavunjwa siku atakayosema mkeo. Kiti kirudishe leo, ufungue ule mlango mdogo, umshike mama mkono umwingize, umkalishe mahali pake, injini ikiwa imezimwa. Mwambie ukweli wote, na ukuta aupapase kwa vidole vyake mwenyewe. Akimaliza kucheka, mwulize ni siku gani angependa kwenda barabara kubwa. Nahisi jibu lake litakuwa fupi, maana viatu amekwisha vaa.