Toleo la Tatu

Ihanda, 6 Aprili 2025

Dada Shufaa,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Mimi mzima, shingo tu inaniuma kwa kuinamia simu za watu siku nzima. Wewe je? Ikram ameshaota meno? Mama mkwe wako Bi Kauthar mpe shikamoo zangu, mwambie goti lake naliombea. Simu yako usiiulizie kwanza. Kile kioo nilicholetewa kutoka Kayanga kimegoma. Tuandikiane tu, Dastan wa bodaboda atabeba, huko Kibingo anafika kila akipata mzigo.

Sasa sikia! Kaijage, yule wa bidhaa za ng'ambo ya mpaka, ameniletea visu. Usicheke kwanza! Si visu vya jikoni. Ni vya kukunja, vya mfukoni, vya kampuni moja, ila matoleo matatu. La kwanza mpini wa mti, chuma cha kawaida. Kinanoleka upesi hata kwenye jiwe la panga, lakini ukikata ndimu ukasahau kukifuta, kesho kutu. La pili mpini mweusi, kama plastiki lakini si plastiki, unakwaruza kidogo ili mkono usiteleze, na unakifungua kwa dole gumba peke yake. La tatu, waitu! Mpini wa titani, mwepesi kama hujashika kitu. Chuma chake ni cha unga, wanakisaga kwanza, halafu wanakibana na kukichoma. Ukikifungua kinajibana wazi chenyewe, tak! Nimekata nacho kamba za katani mpaka nimechoka mimi, chenyewe bado kinanyoa. Mkono wangu wa kushoto hauna hata unywele, wateja wananiuliza kama naumwa.

Hayo yote sijafundishwa na mtu, nimeyasoma usiku kwenye simu. Kaijage anasema nipige video ya kuvilinganisha, niisambaze kwenye magrupu yote ya Karagwe na Kyerwa, halafu nichague kimoja kiwe changu. Shida sina cha kukata cha kushangaza watu. Karatasi kila mtu anakata. Nyanya ndiyo usiseme. Nipe wazo!

Mdogo wako,
Ashrafu


Kibingo, 11 Aprili 2025

Mdogo wangu Ashrafu,

Wa alaykum salaam, marahaba. Sisi wazima. Ikram ana meno mawili na ameyajaribu kwenye bega langu, usipate tabu ya kuyalinganisha na visu vyako. Bi Kauthar anasema ahsante kwa dua, ila goti linataka dawa ya kuchua, hiyo dua endelea nayo pembeni.

Chuma cha unga? Unga wa sembe au wa muhogo? Wewe mtoto, baba alikufundisha kisu kimoja tu na hukukimaliza.

Nina jambo. Jirani yangu Xaveria, yule Mkatoliki aliyenilimia maharage nilipojifungua, anafanya sendofu ya kumuaga binti yake Mackrine anayeolewa, Jumamosi ya tarehe 26. Anataka mbuzi wachinjwe na Mwislamu ili na sisi tule. Mzee Hanifu anayetuchinjia huku yuko Bukoba kwa ajili ya macho. Nikasema, mdogo wangu anajua, baba yetu alikuwa mchinjaji. Nimekutaja mbele ya Bi Kauthar, umesikia? Unajua huyu mama, asili yao Tanga, ana miaka chungu nzima hajatia kitu cha Xaveria mdomoni. Akikaribishwa anasema, "Nimeshiba, mwanangu." Xaveria si mjinga, anajua ni kwa sababu masufuria yake yanapika kitimoto, nyama ya nguruwe. Safari hii ameazima masufuria yangu, ya kwake hayagusi. Na kaka yake Methodius, ambaye kwao ndiye huchinja siku zote, amemwambia akae pembeni. Amekasirika mpaka leo.

Kwa hiyo njoo na kisu cha baba, kile kirefu. Mbuzi ni watatu.

Dada yako,
Shufaa


Ihanda, 15 Aprili 2025

Dada yangu kipenzi,

Salaam nyingi, na shikamoo. Afya ipo, tena leo imezidi!

Watatu! Dada, umesema watatu! Umenipa wazo bila hata kujua. Naja, nitafika mapema. Kisu cha baba kiache kipumzike, hivi vyangu ni vikali kuliko vyote vilivyowahi kuingia Kyerwa. Mnyama hatasikia kitu. Mwambie Bi Kauthar alegeze mkanda, atakula.

Mdogo wako mwenye furaha,
Ashrafu


Kibingo, 29 Aprili 2025

Mdogo wangu,

Salaam kutoka kwa watu wote wa hapa, maana sasa una watu hapa. Uliondoka na haraka ya video yako hata pilau hukumaliza, kwa hiyo nakusimulia ulichokiacha.

Sisi wanawake tulikuwa jikoni, huko nyuma tunasikia tu makelele kama mpira. Nikauliza, kuna nini? Wakaniambia vijana wamekuzunguka na simu. Methodius na kibuyu chake cha lubisi, ile pombe yao ya ndizi, akapita akinung'unika, "Mbuzi wa dada yangu naonyeshwa kama sinema." Tukacheka mpaka Mackrine akaharibu wanja.

Lakini Ashrafu, Bi Kauthar alikula! Xaveria alimletea sahani mwenyewe, amepiga magoti, akasema, "Mama, amechinja kijana wenu, na sufuria ni la Shufaa." Bi Kauthar akanitazama mimi. Nikaitikia kwa kichwa. Akanawa, akala, akaongeza na mchuzi. Xaveria alikwenda nyuma ya mgomba nikamfuata nikidhani amefiwa. Kumbe analia kwa furaha. "Leo amekula kwangu," anasema. "Leo amekula kwangu."

Bi Kauthar ameshawaambia wa msikitini kwamba Mzee Hanifu akichelewa kurudi, Idi utachinja wewe. Sijawahi kutembea hapa Kibingo na shingo ndefu namna hii. Nijibu upesi.

Dada yako,
Shufaa


Kibingo, 14 Mei 2025

Ashrafu,

Hujambo? Au hujambo na mkono umekufa ganzi? Dastan amekuja mara mbili mikono mitupu. Anasema ukimwona unaingia ndani ya duka unajifanya unatafuta nati.

Na simu yangu umeikalia. Nilidhani kioo, sasa naanza kudhani hutaki nikupigie. Kaijage kapita hapa gulioni analalamika, hiyo video hujampelekea na visu umemrudishia vyote vitatu. Hata la tatu! Unaumwa? Una kesi? Umempa mtu mimba? Niambie, mimi ni dada yako. Watu wananiuliza habari za Idi, nami natabasamu tu kama picha ya kitambulisho.

Shufaa


Ihanda, 19 Mei 2025

Dada,

Assalaam alaykum. Shikamoo. Sijui nikuulize vipi habari za Bi Kauthar, lakini nauliza.

Siumwi. Nimeandika hii nikachana, nimeandika tena. Acha niiseme haraka kabla sijachana na hii.

Nilichinja kila mbuzi kwa toleo lake. Ndiyo maana nilifurahi uliposema watatu. Wa kwanza kwa mpini wa mti, wa pili kwa mweusi, wa tatu kwa titani, vijana wanarekodi, mimi natangaza. Niliporudi nikakaa kuihariri. Nikavaa spika za masikioni ili nisikie ule mlio, tak. Dada, mbuzi wa kwanza nimesema bismillahi vizuri kabisa, sauti ya baba. Wa pili nimesema, lakini katikati nimegeuka kumwambia mtu asogee, ananizibia mwanga. Wa tatu nimeshika kichwa, nimekielekeza kibla, mdomo wangu ukafunguka, na kilichotoka ni: "Hili sasa ndilo toleo la tatu, tazameni!"

Hayo tu. Hakuna jina la Mungu hapo. Nimerudia mara ngapi sijui. Nimeongeza sauti, nikasema labda nilinong'ona. Sikunong'ona. Na nyama yote iliingia sufuria moja.

Nilikwenda kwa sheikh wa hapa, nikasema nina rafiki yangu limemkuta hili. Akaniuliza, "Huyo rafiki yako alisahau?" Nikasema ndiyo. Akasema, aliyesahau kasamehewa, nyama ni halali, wale watu wasipate shida. Nikatoka nimefurahi, dada, mpaka mlangoni navaa ndala. Hapo ndala moja mguuni, moja mkononi, nikajiuliza nilisahau nini. Mtu anasahau akiwa na kitu kichwani kikamtoka. Mimi siku ile hakikuwemo. Kichwani mlikuwa na matoleo matatu tu.

Xaveria aliazima sufuria. Alimnyamazisha kaka yake. Alipiga magoti. Mkatoliki wa watu aliilinda dini yangu kila mahali, ikaja kuvujia kwangu mimi. Video nimeifuta. Visu siwezi kuvitazama, ingawa havikuwa na kosa, vikali kweli.

Simu yako ilipona tangu tarehe 2. Naituma na barua hii. Usinipigie tafadhali, niandikie.

Ashrafu


Kibingo, 22 Mei 2025

Ashrafu,

Simu nimeipata. Sikupigii kwa sababu nikisikia sauti yako nitakutukana, na Ikram ameanza kuiga maneno.

Mimi ndiye niliyeitikia kwa kichwa. Unakumbuka? Bi Kauthar alinitazama mimi, hakumtazama Xaveria. Kichwa changu ndicho kilichomlisha.

Sijamwambia Bi Kauthar, wala mume wangu, wala mtu. Si kazi yangu. Mdomo uliokwenda kwenye toleo la tatu ndio utakaosema. Unakuja mwenyewe, kabla ya Idi, na huanzi kwetu. Unaanza kwa Xaveria, maana mbuzi ni wa kwake na heshima ni ya kwake. Halafu ndiyo unakuja kwa Bi Kauthar. Usije na zawadi. Usije na sheikh. Usije na maneno ya kusoma kwenye simu.

Shufaa


Ihanda, 31 Mei 2025

Dada,

Salaam alaykum, na shikamoo kama bado unaipokea. Nimefika salama, kama hilo lina maana.

Nilikuja jana, najua uliniona nikikatiza kibanja kwa nyuma, kwenye migomba. Xaveria alikuwa anaanua kahawa mvua isije ikaikuta. Akafurahi! "Karibu mchinjaji wetu! Deodatha, mletee kiti!" Huyo Deodatha mdogo wake Mackrine akaniletea kiti na kikombe cha maji, nikavishika vyote viwili nimesimama. Nikamwambia. Sikuficha, sikulainisha, nilimwambia mpaka yale maneno yenyewe.

Nilidhani ataniuliza mambo ya dhambi, au atamwita Methodius anicheke. Dada, alikaa chini kwenye jamvi la kahawa, juu ya kahawa yenyewe. Halafu akasema taratibu, "Kwa hiyo hakula kwangu?"

Nikaanza kumweleza alichosema sheikh, kwamba nyama ni halali. Akaniambia, "Sijakuuliza nyama."

Mvua ikaanza. Nikamsaidia kukusanya kahawa. Halafu nikaja kwenu. Nilifika mpaka uani, nikamsikia Bi Kauthar ndani anamwimbia Ikram. Ikram anacheka. Nikasimama pale nalowa. Dada, sikuweza. Nilirudi kwa njia ileile ya migomba kama mwizi wa ndizi.

Ukinitukana sasa nitapokea.

Mdogo wako, kama bado ni mdogo wako,
Ashrafu


Kibingo, 3 Juni 2025

Mdogo wangu,

Wa alaykum salaam. Marahaba. Ikram ana homa kidogo ya meno, sisi wengine wazima.

Nilikuona uani. Niliona na mgongo wako ukirudi. Nilikuwa dirishani nakuombea miguu.

Sasa sikia kilichofuata. Jumapili, ametoka kanisani, Xaveria alikuja na kitenge chake cha misa. Hakuingia, alisimama mlangoni. Akamwambia Bi Kauthar yote, taratibu, na lile neno lako la toleo alilitaja kama lilivyo. Akasema, "Mama, mimi sikujua. Kijana amekuja kuniambia mwenyewe, na mimi nimeona usikae hujui."

Bi Kauthar alikuwa anamenya ndizi. Akaendelea kumenya mpaka ikaisha ile moja. Nikasema moyoni, basi, imekwisha, miaka mingine chungu nzima. Akaweka kisu. Akaniambia, "Nipe maji ninawe." Nikampa. Akajishika goti akainuka.

"Leo umepika nini?"

Xaveria akashtuka. "Ndizi na maharage, Mama. Nyama hamna."

"Kwenye sufuria la nani?"

"La kwangu, Mama. La Shufaa nilisharudisha."

"Haya. Twende. Nimeambiwa ile siku sikula vizuri."

Wakaondoka, goti na yote. Nikaosha vyombo nalia. Amerudi jua limeshapoa, amelegeza mkanda wa kanga kwa shibe, anasema yule mama ana mkono wa maharage.

Kuhusu wewe hakusema neno. Nilimsubiri siku ile, nikamsubiri jana. Hajakutukana wala hajakusamehe, hajakutaja kabisa. Na mimi sikukutetea.

Mzee Hanifu amerudi na macho mapya, Idi atachinja yeye. Anatafuta watu wa kushika miguu ya wanyama, na wa kufagia baadaye. Nilisema nitauliza mtu. Ukija, pita mlango wa mbele.

Dada yako,
Shufaa