Wamepiga Video Mikono Yako

Alby, Stockholm
Jumapili, 9 Februari 2025

Mpendwa mdogo wangu Ivan,

Bwana asifiwe sana. U hali gani huko Afrika Kusini? Mgongo umepoa, au bado unatembea umeinama kama mzee? Sisi hapa tu wazima kwa neema ya Mungu. Barafu imeganda ngazini na goti langu linalalamika, lakini kazi ya usafi hospitalini Flemingsberg naenda, na kanisani sijakosa.

Ujumbe wako nilimsomea binti yangu Daphne tukiwa mezani. Tulishangilia! Kwamba Wajapani wa kiwanda chenu wamekuchagua wewe kati ya mafundi wote, uwafundishe wale wageni waliotoka nchi nyingine kupachika milango ya magari ifunge bila kelele. Mama angekuwa hai angepiga vigelegele mpaka majirani waje.

Halafu nikafika pale uliposema wageni wanapiga video mikono yako tu, uso hapana. Uji ukanishinda.

Ivan, unakumbuka nilikuwa nikishona vitambaa vya viti vya magari kabla ya kazi hii. Nasi tulipata wageni, kutoka Poland. Watu wapole, kila kitu wanasema asante. Wakapiga video mikono yangu na ya Getrude, yule rafiki yangu Mkongo, jinsi tunavyozungusha kona bila kukunja kitambaa. Wakubwa wakaleta keki, ile ya kijani ya Waswidi, na hakuna aliyezaliwa siku hiyo. Getrude akaninong'oneza, "Dada, kula polepole, hii keki ni ya matanga." Nikamcheka. Kabla ya Krismasi mashine zetu zilipakiwa kwenye malori, zikaenda Poland. Sisi tukabaki na sifa.

Daphne ananibishia. Anasema Wajapani hujenga viwanda ugenini ili wawe karibu na wanunuzi, na kufundishana ni desturi yao, si njama. Kisha, kwa Kiswidi chake: "Mama, wewe hata Malaika Gabrieli ungemdai kitambulisho." Nilicheka, kweli. Lakini Mariamu naye alimuuliza malaika swali kwanza, na hakukaripiwa.

Kinachoninyima amani ni wifi Magdalene. Unasema mwisho wa mwezi anaacha ualimu huko nyumbani Masaka, aje na watoto mkae wote huko. Kazi ya serikali, Ivan! Ukiiacha hairudi hata ukiipigia magoti. Na kiwanda kikihama, mtabaki wote ugenini mkitazamana.

Sikuambii ugombane na mtu. Endelea kuwafundisha vizuri, hiyo ni baraka. Ila muulize mgeni mmoja mkiwa mnakula, kama mtu anayepiga soga tu: kwao kuna kiwanda kipya kinachojengwa? Mashine zake zitatoka wapi? Hao wapole hawajui kuficha. Na Magdalene asipeleke barua ya kuacha kazi mpaka upate jibu.

Huenda nimekosea. Namwomba Mungu niwe nimekosea.

Ukimpigia Magdalene, nisalimie watoto wenu, Noah na Aida. Getrude anakusalimu, na Daphne pia, pamoja na ubishi wake. Mungu akuzungushie ulinzi wake, wewe na hiyo mikono yako.

Nijibu upesi, tafadhali. Na uniambie kama wameshaleta keki.

Akupendaye bila kuchoka,
Dada yako Clare