Kabati Kabla ya Firigisi

Amalemba, Kakamega
14 Agosti 1996

Kwako dada Muhonja,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye mvua. Mimi ni mzima, ila kikohozi kidogo. Natumaini shemeji na watoto hawajambo, na mahindi ya Lumakanda yanaendelea vizuri.

Uliniuliza kama kamati yenu ya zahanati ikubali mpango mpya: wanakijiji wawe na kabati lao la dawa, na serikali iache kuleta zake. Ulisema nisome, maana ndiyo kazi yangu chuoni. Nimesoma. Wasomi wanaoandika kuhusu sera mpya za serikali wanausifu mpango huo, na wote wanatoa mfano wa kijiji kimoja karibu na Khayega. Nilipofuatilia, kila mmoja alikuwa amemnukuu mwenzake, hadi nikafika kwa profesa wangu mwenyewe, aliyekwenda huko mara moja.

Juzi nikaenda. Mwenyekiti wao, Mama Mideva, alinipokea vizuri, akaueleza mpango kama mtu aliyezoea kuulizwa. Jikoni kuku alikuwa anachemka. Wajua desturi yetu: mgeni akishatafuna firigisi, hamchunguzi tena mwenyeji wake. Profesa ni Mluhya kama sisi, na alikula. Mimi niliomba nione kabati kwanza.

Mama Mideva akasema chakula kitapoa. Nilisisitiza, na niliona haya kusisitiza. Kabati lilijaa vikombe na sahani. Akanieleza bila hasira kwamba dawa ziliisha zamani, na mgonjwa sasa hubebwa hadi mjini. Vyombo vile ni vya wageni wanaokuja kuuliza habari za dawa. Alisema mtu aliyetoka mbali harudishwi na habari mbaya. Firigisi sikupewa, na sikulaumu mtu.

Nilipomweleza profesa, alisema kabati la vikombe halimpi mtu shahada, na nikiliandika nitafute msimamizi mwingine. Nimeliandika, dada. Shahada sijui sasa itatoka wapi, na naogopa. Lakini naogopa zaidi nikikufikiria umebeba mtoto mwenye malaria, umesimama mbele ya sahani. Waambie akina mama wasikubali.

Nisalimie wote hapo nyumbani. Nikija Krismasi, usinichinjie ingokho, yule kuku wetu wa mgeni, kabla hujanionyesha mahali mnapoweka dawa.

Nduguyo,
Andati