Swali la Neema Mezani

Jumapili, Segera

Sikudhani mfano wa wanawali kumi ungemtisha binti yetu Neema kiasi hiki. Mwalimu wa watoto kanisani amewaambia kuwa wale watano waliochelewa walifungiwa nje ya ufalme wa mbinguni. Mchana tukiwa tunakula, akamgeukia baba yake, Athumani, ambaye ni Mwislamu.

"Baba, na wewe utafungiwa nje?"

Athumani akarudisha tonge lake kwenye sahani.

"Mwanangu, mlango wa nyumba hii anaufunga nani usiku?"

"Wewe."

"Nimewahi kumwacha mtu nje?"

Neema akatikisa kichwa, akaendelea kula.

Tangu hapo mume wangu hajanisemesha. Kesho nitamweleza kwamba si mimi niliyemfundisha Neema kuuliza vile. Lakini swali lile nimekuwa nalo tangu tuoane, na sijathubutu kumwuliza mtu yeyote.